Kupima pengo la kipato mtaani kwenu Tanga bila kuwakosa wenye nacho

Anza na orodha ya kaya, si ya nyumba. Nyumba moja ya Ngamiani inaweza kuwa na kaya tano au sita, na kaya ni watu wanaokula chungu kimoja. Omba kibali ofisi ya serikali ya mtaa, andika orodha kwa msaada wa wajumbe, kisha chagua kwa kuruka: mtaa ukiwa na kaya 400 na unataka 50, chukua kila ya 8, ukianzia namba iliyotoka kwa kura kati ya 1 na 8. Ukikuta mlango umefungwa, rudi jioni au Jumapili. Usihamie kwa jirani. Hilo ndilo kosa linaloharibu kazi kuliko yote, na hesabu ya hapo chini inaonyesha kwa nini.

Kwenye daftari andika namba ya kaya tu, jina usiliandike. Uliza kipato cha mwezi, chanzo kimoja kimoja. Mwenye genge au mama ntilie atakutajia mauzo. Toa gharama za bidhaa, mkaa, usafiri na ushuru ndipo ubaki na kipato. Samaki wa kitoweo, mihogo na nazi za shambani navyo ni kipato. Vipe bei ya sokoni siku hiyo. Pesa zinazotumwa na ndugu walio nje zihesabu pia.

Kwa wavuvi wa Sahare au Deep Sea, swali la "jana ulipata ngapi?" halifai. Dagaa wa taa huvuliwa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka kazi hupungua. Uliza siku za giza peke yake na za mbalamwezi peke yake, halafu jumlisha. Kipimo cha wakati wa kusi usikilinganishe na cha kaskazi; rudia mwezi uleule mwaka unaofuata.

Sasa gawanya kipato cha kila kaya kwa idadi ya watu wake, panga kutoka chini kwenda juu. Huu ni mfano wa kujifunzia, kaya 10 zenye watu sawa, kwa maelfu ya shilingi kwa kila mtu: 40, 50, 60, 70, 80, 100, 120, 150, 230, 600. (Kaya zikitofautiana ukubwa, kila mtu apewe mstari wake.) Jumla ni 1,500. Wastani ni 150, lakini wa katikati, yaani kati ya 80 na 100, anapata 90 tu. Kaya ya juu inachukua asilimia 40 ya kipato chote. Kaya nne za chini kwa pamoja zinapata asilimia 14.7.

Kipimo cha Gini, kilichoanzishwa na Mwitaliano Corrado Gini mwaka 1912, kinatoka hivi: zidisha kila kipato kwa nafasi yake kwenye mstari (40 kwa 1, 50 kwa 2, hadi 600 kwa 10), jumlisha, upate 11,710. Zidisha kwa 2, gawa kwa 15,000, yaani idadi mara jumla ya kipato. Kisha toa 1.1, yaani 11 (idadi ya kaya ongeza 1) gawa kwa 10 (idadi ya kaya). Jibu ni 0.46. Sifuri maana yake wote wako sawa. Likikaribia 1, karibu chote kiko kwa mmoja.

Sasa futa ile kaya ya 600, kana kwamba hukumkuta mtu. Gini inashuka hadi 0.30. Mlango mmoja tu, na mtaa mzima unaonekana wa watu wanaolingana! Kinyume chake, mpandishe huyo wa juu hadi 900 na wengine wasiongezewe hata senti: wastani unapanda kwa asilimia 20, wa katikati anabaki na 90, Gini inafika 0.53. Ndiyo maana ukisikia "wastani wa kipato umepanda," dai uonyeshwe na wa katikati.

Mwenye nacho hataji chote, kwa hiyo mfuate kupitia wanaomlipa. Wapangaji wanajua kodi ya kila chumba na fremu. Dereva wa bodaboda anajua hesabu anayopeleka kila siku kwa mwenye pikipiki. Baharia anajua mgao: baada ya kutoa mafuta, barafu na chakula, chombo kinachukua kiasi gani na mabaharia wanagawana nini. Jumlisha majibu hayo uone kama yanakaribiana na alichokwambia mwenye mali, ukipunguza matengenezo na kodi za serikali. Usimwambie nani kasema nini.

Mali iandike ukurasa wake: nyumba, vyombo vya uvuvi, mashamba. Pengo la mali huwa kubwa kuliko la kipato. Duniani, kwa Ripoti ya Ukosefu wa Usawa ya 2022, asilimia 10 ya juu wanapata asilimia 52 ya kipato lakini wanamiliki asilimia 76 ya mali.

Gini ya taifa iliyotolewa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilikuwa 0.34 mwaka 2011/12 na 0.38 mwaka 2017/18. Hiyo ilipimwa kwa matumizi, si kwa kipato, na mwenye kipato kikubwa hatumii chote. Ukitaka kujilinganisha nayo, uliza kaya zilezile matumizi yao ya mwezi, upige Gini ya pili.