Gonga chesisi kabla ya kununua rangi

Wakuu, mwenye Land Rover ya zamani anayeifufua nyumbani, usianze na rangi. Bodi yake ni alumini, haili kutu kama chuma, ndiyo maana inadanganya: juu inang'aa, chini chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima, imeoza. Na huozea ndani, maana matundu ya kutolea maji huzibwa na tope, unyevu ukabaki humo.

Yangu niliiegesha chini ya mwembe hapa Tabora, nikaipitia kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hulia "ngo!", kilichooza hulia "bwi", kama papai. Kwenye boriti ya chesisi inayokatiza upande wa nyuma, bisibisi ilizama hadi mpini. Na rangi nilishalipia!

Zibua matundu kwa waya, ingiza mpira wa maji, suuza hadi tope liishe, acha pakauke. Palipooza, kata mpaka ukute chuma kizima ndipo uchomelee kipande kipya. Puti, ule udongo wa kuzibia mashimo kabla ya rangi, hapo ni kujidanganya. Kabla ya kuchomelea, chomoa betri na ushushe tanki la mafuta. Oili ya kuzuia kutu huingizwa ndani mwisho kabisa, kuchomelea kukishaisha, la sivyo inashika moto.