SOMO: Mbu kwenye bwawa la matete la maji taka. Shusha maji kabla hujanunua dawa

Wakuu, kila masika yakiisha napokea ujumbe uleule: "Tulijengewa bwawa la kokoto na matete la kuchujia maji taka, sasa mbu hatulali, tumwage dawa gani?" Naandika mara moja. Atakayeniuliza tena nitamtumia uzi huu. Nazungumzia huku Pwani: shule, nyumba za wageni, majumbani.

1. Mjue mbu wako. Chota maji kwa upawa pembezoni penye majani, mimina kwenye bakuli jeupe, subiri yatulie. Kiluwiluwi kinachoning'inia kichwa chini ni Culex, mbu wa maji machafu, ndiye mwenye matende. Kinacholala sambamba na uso wa maji ni Anopheles, wa malaria. Kwenye maji taka mara nyingi utamkuta wa kwanza.

2. Ziba nyufa za mfuniko wa karo (shimo linalopokea maji ya chooni kabla hayajaingia kwenye bwawa), funga wavu kwenye bomba la hewa.

3. Ita gari la kunyonya karo kabla tope lake halijahamia kwenye kokoto.

4. Kiwango cha maji. Hapa niliwahi kuumbuka, kwa hiyo someni taratibu. Maji yapite ndani ya kokoto, sentimita 5 hadi 10 chini ya uso wake, yasionekane kabisa. Mbu hatagi kwenye maji asiyoyafikia. Kiwango hicho kinatawaliwa na kiwiko cha bomba la kutokea: ukikilaza maji yanashuka, ukikisimamisha yanapanda. Matete yakiwa machanga tunapandisha maji ili mizizi isikauke, na hilo ni sahihi. Kosa ni kusahau kushusha. Matete yangu yalinawiri, na mbu nao wakanawiri. Kwa joto la Pwani yai linakuwa mbu anayeruka ndani ya siku kama kumi, kwa hiyo kagua kila wiki, si kila mwezi.

ONYO: dimbwi likibaki upande wa kuingilia tu, na kiwiko umeshakilaza, usiendelee kushusha. Hapo kokoto zimeziba. Toa zile za mwanzo, zioshe, zirudishe, kisha urudi hatua ya 3 maana karo lako ndilo linalotema tope.

ONYO JINGINE: msitembee juu ya kokoto. Kila palipobonyea ni dimbwi.

5. Fyeka matete yaliyolala na uyatoe nje. Yakiachwa yanaoza na kuziba.

6. Dawa, mwisho kabisa. Ziko za bakteria: Bti na Bacillus sphaericus. Zote mbili zinatengenezwa Kibaha, kwenye kile kiwanda cha ubia wa utaalamu na Cuba. Sphaericus inahimili maji machafu kuliko Bti. Kiluwiluwi lazima aile ndipo afe, na aliyefika hatua ya bundo (ile ya mwisho kabla ya kuwa mbu) hali chochote, kwa hiyo usishangae kuona mbu wakitoka siku mbili baada ya kupuliza. Usitumie sphaericus peke yake mwaka mzima. India na Brazil Culex walishaizoea.

---

MASWALI

kokoto_za_msata: Mkuu maelezo marefu. Oili chafu si inamaliza kazi?

Mwandishi: Inamaliza viluwiluwi, matete, na bakteria wanaokusafishia maji. Ukishamaliza kumwaga, anza kuchanga pesa za kujenga upya.

Jirani_wa_Mbweni: Hiyo ya Kibaha bei gani?

Mwandishi: Umechota ukaona nini?

Jirani_wa_Mbweni: Bado, nataka bei kwanza.

Mwandishi: Chota kwanza.

BiSaada: Kaka shikamoo, ahsante kwa somo. Nimeambiwa niweke perege.

Mwandishi: Marahaba dada. Kwenye kokoto samaki hana pa kukaa. Kama mwishoni una bwawa la wazi, perege wadogo wanakula viluwiluwi vizuri, ila fyeka nyasi za ukingoni, maana ndani ya nyasi samaki hapenyi. Ukiuziwa Gambusia wa kutoka Marekani kataa, wanawasumbua samaki wetu wa asili. Na kama una yale magugumaji yanayofanana na kabichi, ng'oa yote. Mbu aina ya Mansonia, kiluwiluwi chake kinatoboa mzizi na kupumulia humo, wala haji juu. Utachota hadi uchoke na bakuli litakuwa jeupe tupu.

mpemba_halisi: Hili la maji taka limenikumbusha Makunduchi, kule Unguja. Wazee wanasema vyoo vilimwagwa chembe nyeupe. Ni kweli au hadithi?

Mwandishi: Ni kweli, na swali zuri. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walimwaga chembe za povu la plastiki, zile za kufungashia televisheni, kwenye vyoo vya shimo. Zinaelea na kufanya tabaka: kiluwiluwi kinakosa hewa, mbu anakosa pa kutagia. Sambamba na hilo watu walipewa dawa za matende. Kijiji cha Moga kilipewa dawa tu bila chembe, na huko vimelea vilirudi kwa watu haraka zaidi. Kwa shimo lililofunikwa ni mbinu safi sana. Kwa bwawa la wazi usijaribu, upepo utazipeleka zote baharini.

mpemba_halisi: Ahsante. Sisi kwetu tuko nyuma ya mikoko, watu wanataka kuikata kwa ajili ya mbu.

Mwandishi: Wasikate, kwanza ni kesi. Pale maji yanapojaa na kupwa kila siku mbu hawakai. Angalieni vidimbwi vya juu vinavyofikiwa na bamvua tu, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Kati ya bamvua na bamvua ni kama wiki mbili, zinamtosha kabisa Anopheles merus, mbu wa malaria anayestahimili chumvi. Mara nyingi utakuta tuta au barabara imeziba mkondo. Queensland, Australia, tangu miaka ya 1980 wanachimba vifereji vya kina kifupi kuunganisha vidimbwi na bahari, maji yanaingia na kutoka, samaki wadogo nao wanafuata. Ombeni kibali kwanza.

mpemba_halisi: Na mashimo ya kaa?

Mwandishi: Humo yumo Aedes pembaensis, anataga mayai kwenye magando ya kaa wenyewe. Anauma, ila haenezi malaria. Malizeni vidimbwi kwanza.