Kuhifadhiana faili kwa diski za wenzako: Tahoe-LAFS kwa kompyuta tano

Watu watano wenye nafasi tupu kwenye diski zao wanaweza kuhifadhiana faili bila kukodi seva ya mtu. Tahoe-LAFS, programu ya bure yenye msimbo wazi, huisimba faili ndani ya kompyuta yako, huikata vipande, kisha huvisambaza kwa wenzako. Mwenye diski haoni chochote ila baiti zisizosomeka. Kusakinisha ni kazi ya jioni moja. Kinachowaangusha wengi ni hesabu, kwa hiyo tuanze nayo.

Hesabu kabla ya amri

Kuna namba tatu: vipande vinavyotosha kuirudisha faili, idadi ya kompyuta tofauti zinazotakiwa kupokea vipande ili upakiaji ukubaliwe, na jumla ya vipande. Programu huja na 3, 7 na 10. Mkiwa watano mkaziacha hivyo, kila upakiaji utagoma kwa kosa la `UploadUnhappinessError`, kwa sababu inatafuta kompyuta saba na haizipati. Kwa watu watano tumieni 3, 4 na 5.

Kwa mpango huo faili huongezeka ukubwa mara 5/3. GB 100 zako zitakula karibu GB 167 kwa jumla, yaani GB 33 kwenye kila diski. Kila mmoja akiweka GB 100, kila diski itabeba GB 167. Asiyeweza kutoa kiasi hicho asiahidiwe GB 100.

Halafu kuna suala la kuzima kompyuta. Kila moja ikiwa hewani asilimia 90 ya muda, bila kutegemeana, faili itapatikana karibu asilimia 99 ya muda. Ikishuka hadi 70, upatikanaji ni kama asilimia 84, na uwezekano wa kukuta kompyuta nne ziko hewani ili upakie ni asilimia 53 tu. Kompyuta mpakato inayofungwa kila usiku haifai kuwa ghala. Kompyuta ndogo ya kizamani inayowaka mchana na usiku inafaa zaidi.

Hatua ya 1: mtandao

Kila nodi, yaani kompyuta inayoendesha Tahoe, lazima ifikike kutoka nje, na Tahoe haijui kupenya ruta yenyewe. Linganisha anwani ya IP iliyoandikwa kwenye ruta na ile ambayo tovuti za nje zinaiona. Zikitofautiana, au ya ruta ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, mtoa huduma wako amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na kufungua mlango kwenye ruta hakutasaidia.

Njia isiyosumbua ni kuunda mtandao binafsi (VPN) kwa programu ya WireGuard na kumpa kila mmoja anwani ya kudumu, tuseme 10.20.0.1 hadi 10.20.0.5. Inatosha mmoja wenu kuwa na anwani ya wazi. Ila ajue kwamba data ya wenzake itapitia kwake.

Hatua ya 2: kusakinisha

Kwenye kila kompyuta ya Linux:

```
python3 -m venv ~/tahoe
source ~/tahoe/bin/activate
pip install tahoe-lafs
```

Hatua ya 3: mtambulishi

Mmoja wenu aendeshe mtambulishi, ambaye kazi yake ni kuzijulisha nodi zilipo nyingine. Hashiki faili.

```
tahoe create-introducer --port=tcp:34000 --location=tcp:10.20.0.1:34000 ~/mtambulishi
tahoe run ~/mtambulishi
```

Baada ya kuwaka, anwani yake inayoanza na `pb://` itakuwa kwenye `~/mtambulishi/private/introducer.furl`. Wapeni wanakundi pekee. Tahoe haimwekei mtumiaji kikomo, kwa hiyo mwenye anwani hiyo anaweza kujaza diski zenu zote.

Hatua ya 4: nodi

```
tahoe create-node --nickname=nodi2 --introducer="pb://..." --port=tcp:34001 --location=tcp:10.20.0.2:34001 --shares-needed=3 --shares-happy=4 --shares-total=5 ~/.tahoe
```

Kabla ya kuiwasha, hariri sehemu hii ya `~/.tahoe/tahoe.cfg`:

```
[storage]
enabled = true
reserved_space = 50G
storage_dir = /mnt/hifadhi/vipande
```

`reserved_space` husomwa vibaya mara nyingi. Si kiasi unachowagawia wenzako. Ni nafasi ambayo programu haitaigusa. Hapo juu itajaza diski hadi zibaki GB 50. Ukitaka kutoa GB 170 kamili, tenga kizigeu (sehemu ya diski inayojitegemea) cha ukubwa huo pamoja na hizo GB 50, na uelekeze vipande huko.

Diski ya nje ya USB ina mtego mwingine: ikichomoka, `/mnt/hifadhi` hubaki folda tupu, na vipande huanza kumiminika kwenye diski ya mfumo. Folda hiyo iwe mali ya root (msimamizi mkuu wa Linux) na isiandikike wakati diski haijapachikwa. Heri nodi igome kuliko kompyuta ijae.

Washa kwa `tahoe run`, kisha fungua `http://127.0.0.1:3456`. Hesabu nodi zilizounganishwa. Zisipofika tano, rudi hatua ya 1. Ukurasa huo usiufungulie mtandao wa nje.

Hatua ya 5: kupakia

```
tahoe create-alias nyumba
tahoe backup ~/Nyaraka nyumba:Nyaraka
```

Safari ya kwanza ni ndefu. Kipande kimoja hubaki kwako, lakini GB 133 zilizobaki zikipita kwenye kasi ya kupakia ya Mbps 5 huchukua takribani siku mbili na nusu. Safari zinazofuata hupeleka faili zilizobadilika tu.

Sasa fungua `~/.tahoe/private/aliases`. Ule mstari mrefu ndio ufunguo wa kila kitu. Diski yako ikifa na mstari huo ukapotea, vipande vyote vikiwa salama kwa wenzako havikusaidii, wala hakuna wa kumwomba nywila mpya. Uchapishe kwenye karatasi na uifungie mahali.

Jaribu kurudisha mapema, huku nodi mbili zimezimwa makusudi:

```
tahoe cp -r nyumba:Nyaraka/Latest ~/jaribio
```

Hatua ya 6: ukarabati

Vipande vilivyopotea havijirudishi vyenyewe. Mwenzako akibadilisha diski, faili zako zimebaki na vipande vinne. Wawili zaidi wakiondoka, zimekwisha. Kila wiki endesha:

```
tahoe deep-check --repair --add-lease nyumba:
```

`--add-lease` huongeza muda wa kutunziwa vipande. Usafishaji wa vipande vilivyoachwa huja umezimwa. Mkiuwasha kwa `expire.enabled`, muda wa kawaida ni siku 31, na asiyeendesha amri hii ndani ya muda huo atafutiwa vipande vyake.