Kulinganisha masafa na fezi kwa XY ya osiloskopu

Osiloskopu, mashine inayochora mawimbi ya umeme kwenye kioo, ina kitufe cha XY ambacho wanagenzi wangu wengi hukikwepa. Wakikigusa, wimbi lililozoeleka linapotea na kinabaki kitu kilichojikunja katikati ya kioo, basi wanadhani mashine imekorofisha. Kilichoondoka ni muda tu. Sasa chaneli 1 inaivuta nukta kulia na kushoto, chaneli 2 inaivuta juu na chini, na umbo unaloliona ni mvutano wa hizo mbili. Kwa umbo hilo unalinganisha masafa (mizunguko kwa sekunde) na fezi (kiasi ambacho mawimbi mawili yamepishana, kwa nyuzi).

Kwanza usalama. Klipu za ethi (waya wa ardhini) za probu zote mbili, yaani nyaya za kupimia, zimeungana ndani ya mashine, na zinakwenda moja kwa moja kwenye ethi ya ukutani. Kwa hiyo umeme wa soketi haupimwi hivihivi. Tumia transfoma ndogo ya kushusha volti 230 hadi 9. Na kwenye redio ya gari usibane klipu kwenye waya hasi wa spika. Amplifaya za redio nyingi za gari zinasukuma waya zote mbili, hakuna ulio ethi, na utaunguza IC (chipu) yake wakati mteja yuko njiani kuja kuichukua.

Ukiwa bado kwenye mawimbi ya kawaida, weka chaneli zote mbili DC, yaani mlango usiopitia kapasita. Ukiziacha AC, kapasita ya mlangoni itasogeza fezi kwenye masafa ya chini. Probu zote ziwe x10 (zinazopunguza ishara mara kumi), zimerekebishwa, na chaneli 2 isiwe imegeuzwa. Halafu ingia XY, weka chaneli zote GND (mlango ukiwa ethi, bila ishara), sogeza nukta katikati kabisa. Kwenye mashine za kioo cha zamani punguza mwangaza upesi, maana nukta ikikaa sehemu moja huchoma kioo. Za dijitali zina ukaidi wao: mpangilio wa muda bado unatawala hata ndani ya XY. Ukiuweka wa kasi mno utaona kipande tu cha umbo. Ukiuweka wa polepole mno utapata utando wa buibui.

Sasa masafa. Transfoma iende chaneli 1, volti 5 kwa mraba mmoja wa kioo. Volti 9 zake ni kama 25 kutoka kilele hadi bonde, na bila mzigo huzidi kidogo. Jenereta ya mawimbi iende chaneli 2. Zungusha nobu taratibu kuelekea hezi 50, masafa ya umeme wa ukutani. Umbo litapunguza vurugu, kisha litakuwa mstari wa mshazari, duaradufu, duara, duaradufu ya upande wa pili, na kurudi. Kasi ya mzunguko huo ndiyo tofauti yenyewe: ukichukua sekunde 10 kukamilika, jenereta na umeme wa ukutani vimepishana hezi 0.1. Namba zilizochapwa kwenye jenereta za bei rahisi haziwezi kukwambia hilo. Umbo halitaganda kabisa, kwani masafa ya gridi nayo hupanda na kushuka kidogo kadiri mzigo unavyobadilika.

Endelea hadi hezi 100, utaona nane iliyolala. Hesabu umbo linagusa ukingo wa juu mara ngapi, na ukingo wa pembeni mara ngapi: juu 2, pembeni 1, kwa hiyo chaneli 2 ni mara mbili ya chaneli 1. Kwenye hezi 75 ni 3 kwa 2. Nane ikisimama wima, uko hezi 25. Maumbo haya yanabeba jina la Mfaransa Jules Antoine Lissajous, aliyeyarusha ukutani mwaka 1857 kwa mwanga na vioo vidogo vilivyobandikwa kwenye uma za sauti.

Kwangu mimi, faida kubwa iko kwenye fezi. Chukua rezista ya kilo-omu 10, iunge na kapasita ya mikrofaradi 0.33 iliyokwenda ethi, uwalishe kwa transfoma ileile. Chaneli 1 kwenye chanzo, chaneli 2 juu ya kapasita. Rekebisha kimo cha chaneli 2 kilele kifike miraba 3 kutoka katikati, kisha soma duaradufu inapokata mstari wa wima wa katikati. Utakuta kama miraba 2.2. Gawa kwa 3, bonyeza saini kinyume (sin⁻¹) kwenye kikokotoo: nyuzi 46 hivi. Duaradufu ikiinamia kushoto, toa jibu lako kwenye 180. Ila XY haikwambii nani katangulia. Kwa hilo rudi kwenye mawimbi ya kawaida.

Kazi inayonifanya niendelee kuitumia ni deki za kaseti, zile ambazo wenye taarabu zao za zamani hawakubali kuzitupa. Kushoto iende chaneli 1, kulia chaneli 2, weka kaseti ya majaribio yenye mlio sawa pande zote. Anza na kilohezi 1, zungusha skrubu inayoinamisha hedi (kisomaji cha kanda) hadi duaradufu ijifunge iwe mstari unaoinamia kulia. Ndipo uende kilohezi 10, umalizie kwa robo zamu au chini yake. Ukianzia kilohezi 10 unaweza kupata mstari mzuri kabisa huku chaneli moja imechelewa mzunguko mzima. Mstari ukiinamia kushoto hata kwenye kilohezi 1, kabla ya kuilaumu hedi angalia kama kuna mtu aliyepita kabla yako akageuza waya zake.