Bagamoyo hadi Ujiji kwa gari: nilivyopanga mimi

Wapagazi waliitembea njia hii kwa miezi, pembe za ndovu mabegani. Wewe tenga siku sita. Nne zinatosha kufika, lakini utapita tu bila kuona.

Anzia Bagamoyo, kwenye Caravanserai (kituo cha zamani cha misafara) na misheni ulikolazwa mwili wa Livingstone mwaka 1874, baada ya watumishi wake Chuma na Susi kuubeba kutoka Zambia ya leo. Kisha Msata, Chalinze, Morogoro. Kabla ya Dodoma, pale Mbande, kata kushoto upitie Kongwa hadi Mpwapwa. Wengi huiruka Mpwapwa, nami huumia, kwa sababu ndipo misafara ilipopumzika na kujaza maji.

Ukishapita Dodoma, Manyoni jaza tanki. Baada ya Itigi ni pori refu. Mimi nilipata pancha humo na spea yangu haikuwa na upepo. Kagua spea nyumbani! Vijijini usizidi kilomita 50 kwa saa.

Tabora lala usiku mbili, uione bila haraka tembe ya Kwihara, nyumba ya udongo walimokaa Livingstone na Stanley. Uvinza nunua chumvi. Ujiji fika jioni, utafute miembe ya kumbukumbu pale Stanley alipokutana na Livingstone, halafu teremka ziwani.