Kuchora Katikati ya Shughuli: Mwongozo Kutoka Mwaloni Kibirizi

Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa hapa Kigoma: nanunua mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, naanika, napeleka sokoni Mwanga. Na nachora. Wanaoniuliza muda naupata wapi wengi wanadhani kuna saa nimeificha. Haipo. Fanya hivi.

Hatua ya 1: Fuata kalenda ya kazi yako. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa haziwavuti tena vizuri na mitumbwi mingi hupumzika. Basi siku za giza nachora vipicha vya dakika tano huku nikilinda dagaa juani wasiliwe na kunguru. Picha za rangi zinasubiri mwezi mpevu. Wewe ni bodaboda? Kuna saa za jua kali abiria hawaonekani. Mwalimu ana likizo. Tafuta pale unapokaa ukisubiri kitu, uanzie hapo. Habari za kuamka saa kumi alfajiri ukachore, waachie wasio na watoto wa kuandaa shule.

Hatua ya 2: Tengeneza kitabu cha mfukoni. Chukua karatasi moja ya A4, ikunje nusu mara tatu, kisha ifungue: utaona vyumba vinane. Ikunje nusu tena, ncha fupi zikutane, ukate kwa mkasi kuanzia kwenye mkunjo hadi katikati tu. Ifungue, ikunje kwa urefu, sukuma ncha mbili ziingie ndani mpaka tundu la katikati liachame, halafu ilaze kama kitabu. Haihitaji gundi wala pini.

Hatua ya 3: Tumia biki. Penseli inataka kuchongwa, na ufutio unakula dakika zako zote.

Hatua ya 4: Kitu kimoja, wiki nzima. Chukua mgebuka, samaki wa huku Ziwa Tanganyika. Nyoosha mkono ukiwa umeshika biki, fumba jicho moja, pima kichwa cha samaki kwa kusogeza kidole gumba kwenye biki. Sasa hesabu kichwa hicho kinaingia mara ngapi katika urefu wa mwili. Usiruke kipimo hiki, maana anayeanza karibu kila mara huchora kichwa kikubwa kupita kiasi. Weka mstari wa mgongo, kisha wa tumbo, mapezi, jicho mwishoni. Magamba usihangaike nayo moja moja. Machache karibu na tumbo yanatosha.

Hatua ya 5: Jaribu usiku. Taa za wavuvi ziwani (siku hizi nyingi si karabai za mafuta ya taa tena) zinachoreka kwa biki bila rangi. Zungushia vitone vidogo, uviache vitupu, halafu jaza mistari myeusi pembeni, ukiisonga zaidi karibu na taa. Mwanga majini unashuka wima chini ya kila taa, umekatwakatwa na mawimbi; ukiupinda, picha imeharibika.

Hatua ya 6: Nyumbani. Watoto wakikung'ang'ania, wakunjie vitabu vyao.

Kitabu kikijaa, andika tarehe kwenye jalada, ukitie kwenye kopo lenye mfuniko. Na unawe mikono kwa sabuni kabla ya kukifungua tena, hasa kama umetoka kupima dagaa.