Jinsi ya kumwondoa mkurugenzi wa kampuni kwa kufuata sheria na kusajili mabadiliko BRELA

Wengi wanaonipigia simu kuhusu jambo hili huanza na swali moja: "Wakili, nibonyeze wapi kwenye mfumo nimtoe huyu mtu?" Ninawaelewa. Fedha zimeyeyuka, ndugu hawasalimiani, na hundi hazipiti kwa kuwa mtiaji saini mmoja amegoma. Lakini kubonyeza kwenye mfumo wa BRELA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, ni kazi ndogo. Mahakamani jambo husimama au kuanguka kwa kile kikao kilichotangulia: nani alikiitisha, notisi ilitoka lini, na anayeondolewa alipewa nafasi ya kujieleza au hakupewa. Ndiyo maana hapa nitakaa zaidi kwenye kikao kuliko kwenye mfumo.

Ninazungumzia kampuni binafsi zilizosajiliwa Tanzania Bara chini ya Sheria ya Kampuni, Sura ya 212. Kampuni ya Zanzibar ina sheria yake, na mabadiliko yake hupelekwa BPRA, wakala wa usajili wa biashara na mali wa huko.

Kabla ya yote, jua unachokiondoa

Katika kampuni zetu za kifamilia mtu mmoja huvaa kofia tatu: ni mwanahisa, ni mkurugenzi na ni mwajiriwa. Ukimtoa kwenye bodi umemvua kofia moja tu. Hisa zake zinabaki kuwa mali yake, na gawio likitangazwa anastahili fungu lake. Hisa haziondoki kwa kura ya wakurugenzi. Zinahitaji hati ya uhamisho aliyoisaini mwenyewe, kisha TRA ikadirie kodi na ushuru wa stempu ulipwe. Nimeona watu wakijaza fomu ya kubadilisha wakurugenzi wakiamini wamemfuta mwenzao kabisa. Hawakumfuta.

Kofia ya ajira nayo ina sheria zake. Kama alikuwa pia meneja mwenye mkataba na mshahara, kumwachisha kazi bila sababu halali na utaratibu wa haki kunampa nafasi ya kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Shughulikia jambo hilo peke yake, kwa barua zake.

Andika kosa kwa lugha ya wajibu

Sheria haiwalazimishi wanahisa kutoa sababu ili kumwondoa mkurugenzi. Hata hivyo nawashauri wateja wangu waandike sababu, na waiandike kwa kupima wajibu wake, si tabia yake. Vifungu vya 182 hadi 185 vya Sheria ya Kampuni ya mwaka 2002 ndivyo vipimo vyenyewe: kutenda kwa nia njema na kwa maslahi ya kampuni, kuwajali pia wafanyakazi, kutumia mamlaka kwa kusudi ambalo yalitolewa, na kuwa na uangalifu. Kifungu cha 209 kinaongeza wajibu wa kutangaza maslahi binafsi katika mikataba ya kampuni.

Chukua mkurugenzi anayeikodishia kampuni lori lake mwenyewe. Kukodisha si kosa kwa lenyewe, na pengine bei yake ni nafuu kuliko ya mtaani. Kosa ni kuwaficha wenzake kwamba lori ni lake. Ukiandika "ni mwizi" utatakiwa kuthibitisha wizi. Ukiandika kwamba tarehe fulani alipitisha mkataba wenye maslahi yake bila kuitangazia bodi, mkataba wenyewe na kumbukumbu za kikao vinatosha kuwa ushahidi.

Tafuta wakili, na jua ni wakili wa nani

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ilitungwa kwa ajili ya watu wasio na uwezo, kwa hiyo kampuni isitegemee huduma hiyo ya bure. Utamlipa wakili. Hakikisha kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama kwamba ana leseni hai, na mpatane ada kwa maandishi.

Jambo linalosahauliwa mno ni hili: wakili anayelipwa na kampuni ni wa kampuni. Si wako, hata kama wewe ndiye mwenye hisa nyingi na ndiye uliyemleta. Mgogoro ukiwa kati ya wanahisa, wakili wa kampuni hawezi kukushauri wewe namna ya kumshinda mwenzako. Tafuta wako, ulipe mfukoni mwako.

Hesabu kura kabla ya kuitisha chochote

Chukua katiba ya kampuni, rejista ya wanahisa, na taarifa rasmi ya kampuni kutoka BRELA, kisha linganisha. Mara nyingi hazifanani. Kumwondoa mkurugenzi kunahitaji azimio la kawaida la wanahisa, yaani zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa. Kifungu cha 193 kinawapa wanahisa uwezo huo hata kama katiba ya kampuni au mkataba wake unasema vingine. Bodi peke yake isijitwalie uwezo huo.

Kama hisa ni nusu kwa nusu, njia hii imefungwa, na notisi zitaongeza uhasama tu. Zungumza na wakili kuhusu usuluhishi, au maombi ya mahakamani chini ya kifungu cha 233 kwa mwanahisa anayeonewa na namna kampuni inavyoendeshwa.

Notisi na kikao

Anayetaka azimio hilo anapeleka kwa kampuni notisi maalumu, siku zisizopungua 28 kabla ya mkutano. Kampuni ikiipokea, inampelekea mara moja nakala mkurugenzi anayehusika. Ana haki ya kuandika utetezi na kuomba usambazwe kwa wanahisa. Wanahisa nao wapewe notisi ya mkutano isiyopungua siku 21, ikitaja wazi jina la mkurugenzi na azimio linalopendekezwa. Usiandike "mengineyo" halafu ukamwondolee mtu humo.

Peleka notisi kwa njia ambayo katiba ya kampuni inaitaja. Ujumbe wa WhatsApp uongeze ukipenda, ila usiutegemee peke yake. Tunza risiti ya posta, au saini ya aliyepokea pamoja na tarehe.

Bodi ikigoma kuitisha mkutano, wanahisa wenye angalau sehemu moja ya kumi ya mtaji uliolipwa wenye haki ya kura wanaweza kuudai kwa maandishi. Wakurugenzi wasipochukua hatua ndani ya siku 21, wadai wanaruhusiwa kuuitisha wenyewe.

Siku ya mkutano, anzeni kwa kuhakikisha akidi, yaani idadi ya chini ya wahudhuriaji inayotakiwa, imetimia na kila aliyehudhuria amesaini. Someni azimio. Kisha mwacheni azungumze. Hapa ndipo hasira huharibu kazi ya miezi miwili: mtu anakatizwa, anatolewa nje, na kura inapigwa akiwa kwenye ngazi. Mwacheni amalize, na katibu aandike aliyosema kwa ufupi na kwa haki. Pigeni kura, andikeni idadi ya hisa zilizokubali na zilizokataa, mwenyekiti asaini.

Msiondoke bila kutazama idadi. Sheria inataka kampuni iwe na wakurugenzi wasiopungua wawili. Mkiwa wawili na mmoja ameondolewa, mteueni mwingine katika mkutano huohuo, naye akubali kwa maandishi.

Sasa ndiyo BRELA

Mna siku 14 za kumjulisha Msajili wa Kampuni, aliyeko BRELA. Kuchelewa kuna adhabu, nayo huongezeka kadiri muda unavyokwenda. Ingia kwenye mfumo wa usajili wa mtandaoni, ORS, kwa akaunti iliyofunguliwa kwa namba ya NIDA, na uchague mabadiliko ya taarifa za wakurugenzi. Kampuni iliyosajiliwa kabla ya mfumo huo kuanza mwaka 2018, na ambayo haijawahi kuingiza taarifa zake, itabidi ianze na kuzihuisha. Taarifa za mwaka zisizowasilishwa ni vizuri zilipiwe mapema, zisije zikawa kikwazo.

Jaza taarifa za anayetoka na anayeingia: majina kama yalivyo NIDA, TIN, anwani, tarehe. Tarehe ya kuondoka iwe ile ya azimio, si ya siku unayojaza. Chapisha fomu, isainiwe, iskani, kisha pakia pamoja na azimio na kumbukumbu za mkutano. Mfumo utakupa namba ya malipo. Lipa benki au kwa simu. Baada ya hapo fungua akaunti yako mara kwa mara, kwa sababu ofisa akiona kasoro atarudisha ombi likiwa na maelezo, na ombi lisilojibiwa halisogei. Yakikubaliwa, omba taarifa rasmi mpya ya kampuni.

Ipeleke hiyo benki pamoja na azimio la bodi la kubadilisha watia saini. Nenda TRA ukarekebishe taarifa za kampuni. Kama hisa pia zimehama, au anayeidhibiti kampuni amebadilika, wasilisha upya taarifa za wamiliki manufaa, yaani watu halisi wanaoimiliki au kuidhibiti kampuni.

Kama wewe ndiye unayeondolewa

Usisaini barua ya kujiuzulu kwa sababu tu imeletwa mezani ikiwa imeshachapwa. Omba nakala ya notisi maalumu, angalia tarehe, andika utetezi wako na uombe kwa maandishi usambazwe kwa wanahisa wote. Hudhuria mkutano. Kama una mkataba unaotaja fidia, kuondolewa kwenye bodi hakuufuti, na dai lake unaweza kulipeleka mahakamani. Rudisha mali ya kampuni kwa orodha iliyosainiwa pande mbili, laptopu, funguo na mihuri vikiwemo, nawe ubaki na nakala.